Pipa la taka lisilo na mwenyewe ni jalala jipya



Katika mikutano yetu ya vijiji ombi moja limerudiwa mara nyingi: tuletewe mapipa ya taka katika maeneo ya wazi, yaani sokoni, karibu na mabomba ya maji, uwanja wa mpira na mahali pa kugawia chakula. Mimi kama mhudumu wa afya wa kujitolea naunga mkono ombi hilo. Lakini nina neno la kuongeza, na nawaomba wazee wetu wanisikilize hata kama umri wangu ni mdogo.

Pipa peke yake halisafishi kambi. Kabla ya kuomba pipa tukubaliane mambo matatu: nani atamwaga taka zake, siku gani atazimwaga, na taka hizo zitaenda wapi. Tusipokubaliana, pipa litajaa, taka zitaanguka pembeni, na baada ya mwezi mmoja tutakuwa na jalala jipya mahali ambapo zamani watoto walikuwa wanacheza.

TAKA ZINATUUMIZAJE?

Wako wanaosema kwamba taka ni jambo la macho na pua tu, kwamba zinachukiza lakini haziui. Hapana. Nzi wa nyumbani hutaga mayai yake katika maganda na mabaki ya chakula. Penye joto, yai linaweza kuwa nzi mzima kwa siku 7 hadi 10. Nzi huyo hutua chooni, kisha hutua juu ya sahani ya mtoto. Miguu yake hubeba vijidudu vya kuhara. Nzi wengine hupenda kutua machoni mwa watoto na kueneza trakoma, ugonjwa unaoweza kumpofusha mtu.

Hapo mtaelewa kwa nini siku ya kumwaga taka ni jambo kubwa. Taka zikiondolewa mara mbili kwa wiki, mayai ya nzi hayapati muda wa kukomaa. Zikikaa wiki mbili ndani ya pipa, tumewajengea nzi nyumba na kuwapa chakula.

Kuna mengine. Panya hufuata mabaki ya chakula. Makopo na tairi hushika maji ya mvua, na mbu hutaga humo. Mifuko ya plastiki, yaani kavera, huziba mifereji. Mfereji ukiziba, maji hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wa nyumba ya mtu au shimo la choo. Choo kikifurika, kinyesi huchanganyika na maji ambayo watoto wanakanyaga. Hiyo ndiyo njia ya kipindupindu na homa ya matumbo.

TUJIFUNZE KUTOKA NAMATALA

Nilipokuwa nasoma sekondari niliishi Namatala, mtaa mkubwa wa watu wa kipato kidogo pembeni mwa mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Namatala inafanana na kambi yetu kwa mambo mengi. Nyumba zimebanana. Watu wametoka sehemu mbalimbali: wako Wagisu wenyeji, wako Wateso, wako Wakaramoja waliokimbia njaa na vita vya wizi wa ng'ombe huko kwao. Lugha ni nyingi. Wengi wanaishi kwa vibarua vya siku, kwa kuuza vyuma chakavu, kwa kupika waragi au kulima mpunga.

Wazee wa Mbale hawachoki kusimulia kwamba miaka ya 1960 mji wao ulisifiwa kuwa safi kuliko miji yote ya Afrika Mashariki. Mji haupati sifa ya namna hiyo kwa kuwa na mapipa tu. Lazima wawepo wafagiaji, yawepo magari, na iwepo siku inayojulikana ya kuzoa taka. Miaka ya machafuko ilipokuja, huduma za miji ya Uganda zilizorota, na watu wakaongezeka kuliko huduma. Mitaa kama Namatala ndiyo iliyopata tabu zaidi.

Pale nilipokaa niliona mambo mawili ambayo sijayasahau. Penye kona karibu na soko liliwekwa kontena kubwa la chuma. Watu walifurahi. Lakini hakuna aliyejua gari la kulimwaga litakuja lini. Likaja mara moja, likachelewa, likakaa muda mrefu bila kuonekana. Kontena lilijaa. Watoto waliotumwa kutupa taka hawakufika ukingo wake kwa urefu, kwa hiyo walimwaga chini. Baadaye watu wazima nao wakamwaga chini, kwa sababu hakuna aliyetaka kukanyaga uchafu ili alifikie. Mwishowe kontena lilikuwa katikati ya lundo, na nusu yake lilikuwa tupu.

Nyuma kidogo ya hapo kulikuwa na uwanja mmoja wa nyumba za kupanga ambao haukuwa na pipa lolote la kuletewa. Akina mama wa pale walikubaliana kila nyumba iwe na gunia lake. Kijana mmoja mwenye toroli alipita siku mbili kwa wiki, kila nyumba ikamlipa kidogo. Akichelewa, alitafutwa mpaka nyumbani kwake. Uwanja ule ulikuwa safi. Kontena la chuma lilikuwa na gharama kubwa kuliko magunia yale yote, lakini magunia yalikuwa na wenyewe.

TAKA HAZIPOTEI, ZINAHAMA

Mto Namatala unashuka kutoka Mlima Elgon, unapita kando ya mji, kisha unaingia katika kinamasi chenye jina hilohilo. Zamani kinamasi kilijaa mafunjo. Leo sehemu kubwa inalimwa mpunga na mboga. Maji yake yanaendelea mpaka mto Mpologoma na ziwa Kyoga. Kwa hiyo taka inayotupwa katika mfereji wa mtaani haipotei. Mvua inaipeleka kwa mkulima wa mpunga aliyesimama ndani ya maji bila viatu.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha, na mito Nabuyonga na Namatala ikafurika. Zaidi ya watu 20 walikufa. Mabomba ya maji yaliharibika na maelfu ya watu wakakosa maji safi. Sisemi kwamba taka ndizo zilizoleta mafuriko yale. Mvua ya mlimani ilikuwa kubwa mno, na kingo za mito zimelimwa na kujengwa. Lakini maji yakija na kukuta mfereji umejaa kavera, yataingia ndani ya nyumba mapema zaidi na yatatoka kwa kuchelewa. Hilo sisi tunaweza kulizuia, hata kama mvua hatuwezi kuizuia.

Mfano mwingine ni Kiteezi, jalala la Kampala lililofunguliwa mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka uliporomoka na kufunika nyumba za watu. Waliokufa ni zaidi ya 30. Kwa macho ya mtu wa mjini ambaye taka zake zilichukuliwa na gari, taka zilikuwa zimekwisha. Kumbe zilikuwa zimehamia kwa watu wengine, zikawa mlima juu ya vichwa vyao.

Ndugu msomaji, ndiyo maana swali la tatu, taka zitaenda wapi, si swali la maofisa peke yao. Mwisho wa safari ya taka zetu upo ndani ya kambi hii au karibu na wenyeji wanaotupokea. Tukichafua kisima au shamba lao, tunaharibu maji yao na ujirani wetu kwa pamoja.

PIPA LA NAMNA GANI LINATUFAA?

Sasa tuje kwenye pipa lenyewe. Pipa zuri ni lile linalofaa watu wanaolitumia na taka wanazotupa. Haya ndiyo maoni yangu:

1. Lisiwe kubwa mno. Pipa zima la lita 200 likijaa maganda mabichi huzidi uzito wa mfuko wa simenti. Nani atalinyanyua? Likatwe katikati, tupate mapipa mawili ya lita 100. Watu wawili watalimwaga bila kuumiza mgongo. Miongozo ya kimataifa ya misaada iitwayo Sphere, katika toleo la 2011, ilitaja kipimo hichohicho: chombo kimoja cha lita 100 kwa familia 10, pale ambapo taka hazizikwi nyumbani.

2. Mtoto alifikie. Katika familia zetu anayetumwa kutupa taka ni mtoto wa miaka saba au minane. Mdomo wa pipa ukipita kifua chake, atamwaga chini kama nilivyoona Namatala.

3. Liinuliwe kutoka ardhini. Nusu pipa linaweza kuning'inizwa kati ya nguzo mbili fupi kwa kipande cha bomba la chuma, ili mtu aliinamishe na kumwaga moja kwa moja ndani ya toroli. Likikaa juu ya udongo linaoza haraka, na panya wanajificha chini yake.

4. Litobolewe matundu chini na ubavuni. Matundu ya chini yanatoa maji ya mvua, pipa lisiwe bwawa la mbu. Matundu ya ubavuni yana kazi nyingine, na hapa tuseme ukweli bila kuoneana aibu. Pipa zima ni mali. Linaweza kuhifadhi maji, linaweza kupikia pombe, linaweza kuuzwa. Pipa lililotobolewa halimtamanishi mtu. Pamoja na hayo, lifungwe kwa mnyororo.

5. Liwe na kifuniko au paa. Watu hawapendi kushika kifuniko kichafu, hivyo mara nyingi hubaki kimetupwa chini. Kwa sokoni, ambapo taka zinaingia kila dakika, afadhali paa dogo la bati juu ya mapipa, na taka zitolewe kila jioni. Kwa mahali pengine kifuniko chenye kamba kinatosha.

6. Liwe karibu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama mwenye mtoto mgongoni na jerikani kichwani hatazunguka soko zima kutafuta pipa. Liwekwe kwenye njia ambayo watu wanapita wakitoka, si pembeni ambako limewekwa ili lisionekane. Lakini lisikae juu ya mfereji, wala chini ya bomba la maji, wala upande ambao upepo unapeleka harufu kwa wauza chakula.

7. Liwe na alama ya picha. Kambi hii ina lugha nyingi, na wengine hawakupata nafasi ya kusoma. Mchoro wa ganda la ndizi na mchoro wa chupa unaeleweka na Mkongomani, Mrundi, Msudani na Msomali bila mkalimani.

Nyumba zenye uwanja wa kutosha hazina haja ya kusubiri pipa la shirika. Shimo dogo nyuma ya nyumba, mbali na choo na mbali na maji, linalofunikwa kwa udongo kidogo kila siku, linafanya kazi hiyo. Mapipa machache tutakayopata tuyaweke pale ambapo hakuna mwenye uwanja, yaani katika maeneo ya wote.

TUTENGANISHE, LAKINI KWA NJIA RAHISI

Nimeona picha za nchi tajiri ambako mapipa manne au matano yamepangwa mstari mmoja, kila moja na rangi yake. Kwetu tukianza hivyo tutashindwa wiki ya kwanza. Napendekeza mapipa mawili tu kwa kila mahali: moja la vitu vinavyooza na moja la vitu visivyooza.

Vinavyooza ni maganda ya mihogo na ndizi, majani ya mboga, magunzi ya mahindi, mabaki ya posho na maharage. Katika miji ya Uganda hizo ndizo sehemu kubwa ya taka, na kwa macho yangu sokoni kwetu ni hivyohivyo. Hizi si uchafu kama tukiziweka peke yake. Mbuzi na nguruwe wanakula baadhi yake, na zilizobaki zinakuwa mbolea. Mbale, Jinja na miji mingine ziliingia katika mpango wa Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wa kugeuza taka za mji kuwa mbolea. Mpango huo uliandikishwa kimataifa mwaka 2010, kwa sababu taka zinazooza penye hewa hazitoi gesi ya methani kama zile zilizobanwa ndani ya jalala. Methani huongeza joto la dunia.

Lakini mbolea inataka taka zilizotenganishwa tangu mwanzo. Maganda yakija yamechanganyika na vigae vya chupa, betri na kavera, lazima mtu aingize mikono yake humo kuvitoa. Na asipovitoa, nani ataweka mbolea yenye vigae katika bustani yake ya mboga? Sisi hatuhitaji mtambo. Lundo lililochanganywa na majani makavu na udongo, likageuzwa kila wiki na kunyunyiziwa maji kidogo, litatoa mbolea baada ya miezi michache. Bustani zetu za jikoni zina njaa ya mbolea hiyo.

Katika pipa la visivyooza mtu anayelitunza atatoa chupa za plastiki, makopo na vyuma vya kuuza. Wanunuzi hununua kwa kilo, na chupa ni nyepesi, kwa hiyo inabidi kukusanya magunia mengi kabla ya kumwita mwenye gari. Fedha hizo hazitatosha kulipa mshahara. Tusidanganyane. Zinaweza kununua glavu, buti na koleo, na hiyo ni hatua. Yanayobaki, kama kavera chafu na nepi za watoto, yaende kwenye shimo la taka na kufunikwa.

Vitu vitatu visiingie katika pipa lolote. Sindano na wembe vipelekwe kituo cha afya, au viwekwe katika kopo gumu lenye kifuniko mpaka mhudumu wa afya avichukue. Dawa zilizopitwa na wakati zirudishwe kituo cha afya. Na majivu ya moto yasubiri yapoe, kwani yanachoma pipa na kila kilichomo.

Nina ombi juu ya wale wanaookota chupa na vyuma. Namatala ni akina mama na watoto wengi wanaoishi kwa kazi hiyo, na hapa kambini wapo pia. Tunawaita majina mabaya. Kumbe wao ndio wa kwanza kutenganisha taka zetu, bila glavu na bila mtu wa kuwashukuru. Tunapochagua watunzaji wa mapipa, tuwafikirie watu wazima kati yao kwanza. Watoto waende shule.

MANENO NINAYOYASIKIA

"Kazi hiyo ni ya shirika." Ndiyo, shirika lina wajibu wa shimo salama, vifaa na usafiri, na tusiache kulikumbusha. Lakini hakuna shirika litakalosimama kwenye kila kona kutazama anayetupa ganda. Tena misaada inapungua, kila mmoja wetu ameiona katika chakula chake. Jambo linalotegemea mfadhili peke yake huisha siku mradi unapoisha.

"Sisi ni wageni hapa, siku moja tutarudi nyumbani." Mungu ajalie. Lakini watoto waliozaliwa kambini wamekwisha kumaliza shule ya msingi, na kuhara hakuulizi mtu kama ni mwenyeji au mgeni. Na siku ya kurudi, kila mmoja wetu angependa kumrudisha mtoto mzima.

"Tuchome tu." Majani makavu yanaweza kuungua bila madhara makubwa. Plastiki haifanani na majani. Moshi wake una sumu, unaingia katika vifua vya watoto na wazee, na moto unaweza kufika kwenye nyumba za nyasi na turubai.

"Watu wetu hawana ustaarabu, mtawapa mapipa na watatupa chini." Siamini. Mwanamke anayefagia uwanja wake kila asubuhi kabla jua halijatoka ana ustaarabu wa kutosha. Akishavuka ua wake anakuta ardhi isiyo na mwenyewe, na hapo ndipo ufagio wake unapoishia. Kinachokosekana ni makubaliano.

TUANZE NAMNA GANI?

Napendekeza tusianze kambi nzima kwa mara moja. Tuanze na soko moja na bomba moja la maji, kwa miezi mitatu.

Wenyeviti wa vijiji waitishe mkutano wa wafanyabiashara na wanaotumia bomba. Kwa kila jozi ya mapipa wachaguliwe watunzaji wawili, mwanamke na mwanamume, na majina yao yatajwe mbele ya watu wote. Siku za kumwaga zitangazwe na zichorwe ukutani. Sokoni iwe kila jioni, kwenye bomba iwe angalau mara mbili kwa wiki. Mafundi wa kuchomea vyuma tunao humuhumu kambini. Wapewe kazi ya kutengeneza mapipa badala ya kuyanunua mbali. Pipa likivunjika, aliyelitengeneza yuko karibu.

Wafanyabiashara wa soko wachangie kidogo kila wiki kwa ajili ya watunzaji. Anayeuza mafungu matatu ya nyanya asilipe sawa na mwenye duka. Fedha ziandikwe katika daftari ambalo kila mtu anaweza kuomba kulitazama.

Shirika la afya liombwe mambo matatu tu: shimo la taka lililochimbwa mahali salama mbali na vyanzo vya maji, toroli na vifaa vya kujikinga, na usafiri wa kupeleka chupa kwa mnunuzi. Ombi lenye mambo matatu yaliyo wazi ni gumu kukataliwa kuliko ombi la "mapipa mengi".

Na sisi wa timu ya afya ya kijiji tutapita kila wiki kuangalia. Je, pipa limemwagwa siku yake? Je, kuna taka chini? Je, nzi wamepungua kwa wauza chakula? Baada ya miezi mitatu tutaleta majibu mbele ya mkutano, mazuri na mabaya. Kama imefaa, vijiji vingine vifuate. Kama haikufaa, tutakuwa tumejua sababu kabla ya kupoteza mapipa mia moja.

Ndugu wasomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni lile lundo dogo la maganda ambalo kila mmoja wetu analipita asubuhi akidhani kuna mtu mwingine atakayeliondoa. Katika mkutano ujao wa kijiji chako, mtu akisimama kuomba pipa, muunge mkono. Kisha simama wewe umwulize: nani atalimwaga, siku gani, na taka zitaenda wapi? Ukiwa na jibu, lipeleke kwa mwenyekiti au kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako. Na kama hukubaliani na maoni yangu, tuletee yako.

Kinga ni bora kuliko tiba.